Waya wa Lalsara

Lalsara ni mke wa kaka mkubwa wa mume wangu, nami humwita dada. Mkono wake wa kulia hauna vidole viwili, na ndio mkono anaopenda kukaripia nao. Akikunyooshea, hujui umenyooshewa kidole au pengo. Watoto wa Sirpata, kijiji chetu, humwogopa kwa hilo. Mimi simwogopi. Nimekula naye moshi wa jiko moja tangu nilipoletwa hapa bibi arusi, kabla ndugu hawa wawili hawajagawana nyumba, na yeye ndiye aliyenifundisha kuvaa mkanda wa mzigo kipajini bila kuvunjika shingo.

"Wewe Kausila," alikuwa akiniambia, "kwenu mlibebea nini, mdomo?"

Alikuwa mwanamke wa kucheka. Nasema hivyo kwa sababu aliyemjua baadaye hawezi kuamini.

Vidole vyake vililiwa na kapi, gurudumu linalotembea juu ya waya. Kijiji chetu kiko upande wa kivuli, mashamba yamebandikwa mlimani kama viraka, na kila kitu cha maana kiko ng'ambo ya mto: shule, zahanati, duka la chumvi. Zamani tulivuka kwa waya. Waya mmoja wa chuma, huku umefungwa kwenye mwamba ulio chini ya shamba la Lalsara, kule umefungwa kwenye mwamba mwingine. Juu ya waya kapi, chini ya kapi kisanduku cha mbao ambacho kuku wenye adabu wasingekubali kulalia. Unaketi, unakunja magoti, na mtu aliye nchi kavu anakuvuta kwa kamba iliyozungushwa ng'ambo na kurudi. Akivuta upande huu kisanduku kinakwenda, akivuta upande ule kinarudi. Chini yako mto unapiga kelele kama watu wanaogombana kwa lugha usiyoijua. Wajawazito walivuka hivyo. Wagonjwa walivuka hivyo, na wengine walirudi hivyohivyo wakiwa maiti. Mimi mwenyewe nililetwa Sirpata ndani ya kisanduku hicho, nimefunikwa uso kwa shela nyekundu, na nilishukuru kufunikwa.

Kapi likitembea lilikuwa linalia, kii, kii, kii, na kila nyumba ilisikia. Ukiwa jikoni ulijua ni mtu mzito au mwepesi, mwenye haraka au mwenye hofu. Kila nyumba pia ilikuwa na mtu wake aliyechukuliwa na maji. Hatukuhesabu. Tulivuka.

Lalsara alikuwa na binti, Bimsara. Alikuwa darasa la tatu, nywele zimefungwa kwa riboni mbili nyekundu, na kila jioni mama yake alimvuta mwenyewe kutoka shule, hakumwachia mtu mwingine kamba. Jioni moja ya majira ya mvua mto ulikuwa umevimba, rangi yake chai ya maziwa. Kisanduku kilipofika katikati, ubao wa chini ukakatika. Hakukuwa na ukelele. Mpaka leo Lalsara hasemi kwamba mtoto alianguka. Husema, "Kamba ikawa nyepesi."

Akaurukia waya kwa mikono mitupu, akajiburuta juu ya maji kumfuata. Kisanduku kikateleza kikamjia, kapi likampita vidoleni. Wanaume walimrudisha amelegea kama nguo iliyolowa, wakampeleka zahanati, naye akalazwa huko. Mkoba wa shule ulikutwa umening'inia kwenye kisanduku. Bimsara hakuonekana, wala siku ile, wala baadaye maji yalipopungua na mawe yakaonekana yote.

Kwetu mtu mzima akipotelea mtoni hutengenezewa mwili wa majani, mwili huo ukachomwa, na roho ikapata njia yake. Lakini kuhani alisema mtoto mdogo hafanyiwi hivyo. Mtoto huzikwa, basi, na huyu wa kuzikwa hayupo. Akamaliza chai yake akaondoka. Bimsara hakupata moto wala udongo.

Kisanduku kilipigwa ubao mpya, watu wakaendelea kuvuka. Lalsara aliporudi na mkono wake uliofungwa kitambaa hakupiga kelele wala kujigaragaza. Alianza jambo moja tu. Jioni, kila mtu akishavuka, aliteremka mpaka mwambani, akavuta kamba kwa ule mkono mzima, akakipeleka kisanduku ng'ambo kitupu. Kisha akapanda kwenda kupika.

Tulidhani ataacha. Asubuhi moja tulikuwa tunasaga mahindi, mimi upande huu wa jiwe, yeye upande ule.

"Amekuja," akasema.

"Nani?"

"Usijifanye mjinga. Jioni nakipeleka ng'ambo kitupu, asubuhi nakikuta huku. Nani wa kukirudisha?"

"Upepo, dada."

"Upepo unafunga fundo?"

Ni kweli kisanduku kilikuwa kimefungwa mwambani, kwa fundo. Nilikuwa nimekiona nikienda kuchota maji, nikajitia sikuona.

Lalsara akazungusha jiwe. "Ila haingii ndani," akasema. "Anafika mwambani, anapanda njia, anafika uani. Nazijua nyayo za mwanangu. Halafu anasimama. Nalala mlango wazi, Kausila, na baridi hii. Kwa nini haingii kwao?"

Nilimwambia asage, mahindi hayajisagi. Nilikuwa nahisi mgongo wangu ukitazamwa na ule mlango.

Tangu hapo watu waliacha kupita karibu na mwamba jua likishazama. Kila asubuhi wa kwanza kuvuka alisubiri Lalsara aje afungue fundo kwa mkono wake. Na kweli kila asubuhi kisanduku kilikuwa huku.

Ikapita miaka. Nare, mtoto wake wa pili, aliyekuwa bado mchanga wakati ule, akaota miguu akaanza kuchunga mbuzi. Ndipo ikaja habari ya daraja. Alikuja msimamizi wa ujenzi, Rudralal, kijana wa nchi za tambarare aliyepanda mlima wetu nusu kwa miguu, nusu kwa magoti. Alitafuta mahali pa kuweka daraja, akapapata kule mto unakoshukia, ambako miamba ni imara, mbali na waya wetu kiasi kwamba ukiweka maharage motoni kabla ya kutoka, utayakuta yameungua.

Watu wa kwetu wanaamini kwamba daraja likijengwa hutaka kichwa cha mtoto. Akina mama wakaanza kuwafungia watoto ndani. Lalsara aliwacheka, kicheko kile kibaya alichobaki nacho.

"Wafungulieni," akasema. "Kichwa limeshapewa. Lisiombe kingine."

Usinielewe vibaya, hakuwa adui wa daraja. Alibeba mawe kuliko mwanamume yeyote wa kamati ya daraja. Na nyaya za daraja zilipofika mwisho wa barabara, alisimama kwenye mstari pamoja nasi. Waya mkubwa kama ule haukatwi, na punda hawezi kuubeba. Hunyooshwa chini kama nyoka aliyekufa, kila mtu akachukua kipande chake begani, kijiji kizima mstari mmoja, tukapanda mlima kwa hatua moja. Huwezi kutua mzigo peke yako. Mmoja akisimama, wote husimama. Mmoja akiteleza, wote huvutwa.

Tulikuwa kwenye genge la mlima, upande mmoja ukuta, upande mwingine hewa, mstari ukasimama ghafla, waya ukanikata bega.

"Nani amesimama huko nyuma?" Alikuwa Karnabahadur, mwenyekiti wa kamati, akipiga kelele kutoka mbele.

"Lalsara!" watu wakapokezana.

"Ana nini?"

"Anasikiliza!"

"Anasikiliza nini, nasi tunakufa na chuma hiki?"

Hakuna aliyepokeza swali hilo. Lalsara alikuwa nyuma yangu. Niligeuza shingo kidogo tu, nikamwona amefumba macho. Halafu na mimi nikasikia. Kii, kii, kii. Tulikuwa mbali sana na kapi, na kijiji kizima kilikuwa kwenye mstari ule. Hapakuwa na mtu wa kuvuka.

"Haya, twende," akasema kwa sauti ya kawaida. "Ameshafika."

Daraja likakamilika. Ni jembamba, lina wavu pande zote mbili, na hata bibi kizee anavuka na mbuzi wake huku akisutana na jirani. Mwanamke wa kwanza kushikwa na uchungu mwaka ule alivushwa kwa machela bila kurukiwa na maji hata tone moja. Ungedhani tutautupa ule waya siku hiyohiyo. Hatukuutupa. Watoto ni watoto, wakichelewa shule walikimbilia waya kwa sababu uko karibu. Na waya umefungwa kwenye mwamba wa Lalsara, ndani ya mpaka wa shamba lake, na Lalsara alikaa juu ya mwamba ule na mundu mapajani.

Karnabahadur aliteremka na Rudralal. Nilikuwepo, nafunga majani ya mbuzi.

"Shemeji," mwenyekiti akaanza kwa upole, "daraja lipo."

"Naliona."

"Basi waya wa nini?"

"Wa anayeutumia."

"Nani huyo?"

"Unamjua. Ukipita hapa jua limezama huwa unamkimbia nani, kuku wewe?"

Nilijificha nyuma ya majani nicheke. Karnabahadur hakucheka. "Shemeji, atakuja kuanguka mtoto wa mtu mwingine hapa. Ubao ule ni uleule, maji yale ni yaleyale. Siku hiyo utasema nini?"

Lalsara aliugeuza mundu mapajani. Kisha akasema bila ukali wowote, "Na mkiukata, wangu atavukia wapi? Daraja lenu halijui. Alipokwenda halikuwapo. Atakuja pale ng'ambo kama kawaida yake, atasimama, atangoja kamba. Nani atamwambia?"

Rudralal, ambaye kwa elimu yake nilidhani atakohoa kwa dharau, alitazama viatu vyake. Wakapanda wakaenda zao.

Sasa na mimi nina binti, Tulsara. Siku chache baada ya hapo nilikuwa naenda kwa Lalsara kuomba moto, nikasikia kapi linalia mchana kweupe. Nikatazama chini. Binti yangu alikuwa ndani ya kisanduku, katikati ya mto, miguu inaning'inia, anajivuta kwa kamba huku anakula tofaa. Sikupiga kelele, maana angeshtuka. Niliteremka, nikashika kamba, nikamvuta taratibu kama mtu anayevuta yai. Mikono yangu ilikuwa inasubiri kamba iwe nyepesi. Alipofika nilimpiga, nikamkumbatia, nikampiga tena.

"Nilichelewa, mama," akalia.

"Ungechelewa milele!"

Jioni nilimwangalia Lalsara akikipeleka kisanduku ng'ambo kama kawaida yake, nikaamua. Kesho kabla hajaamka nitakifungua kisanduku kile na kukisukumia mtoni, alie mpaka achoke, na mizimu yake itafute njia nyingine.

Nikateremka mapambazuko, mtungi wa shaba kiunoni ili nionekane naenda kuchota maji. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mto. Nilikuwa sijafika mwambani nikasikia. Kii. Kii. Kii. Polepole, kama linavyolia likibeba kitu chepesi. Kisanduku kikatoka ndani ya ukungu, kitupu, kinakuja. Ndipo nikaona mikono inayovuta. Alikuwa Dhanbire, mume wa Lalsara, shemeji yangu mkubwa.

Kwetu mke wa mdogo mtu hasemi na kaka wa mumewe. Hamgusi, hamtazami usoni, akipita anajifunika. Tangu niolewe sikuwahi kumwambia Dhanbire neno moja. Basi nikashusha shela usoni, nikatua mtungi juu ya jiwe, nikauambia mtungi:

"Wewe mtungi, umeyaona? Mtu mwenye mvi anacheza mizimu."

Dhanbire akaruka, lakini kamba hakuiachia. Akageuza uso kwenye maji.

"Mto," akasema, "mwambie mwanamke wa nyumba ya mdogo wangu achote maji aende."

"Mtungi, mwambie huyo anayesema na mto kwamba jana nimemkuta binti yangu ndani ya dubwana hili. Na dubwana hili lipo hapa kwa sababu kuna mama anadanganywa kila siku kwamba linamletea mtoto."

Alikifunga kisanduku kwanza. Fundo lilikuwa lilelile.

"Mto," akasema, "mke wangu alikuwa hali wala halali. Mara ya kwanza nilikirudisha ili nisikione tu kule kimekaa kitupu, kinanitazama. Akaja akakikuta huku. Akacheka. Siku ile alikula ugali wa ulezi akamaliza, akaomba tena. Ungekuwa wewe, mto, ungefanyaje?"

Nikauinua mtungi, nikautua tena.

"Halafu kuna jambo lingine, mto," akaendelea, sauti imeshuka. "Si kila asubuhi ni mimi. Siku nyingine nachelewa. Naja nakikuta kimeshafungwa."

Ukungu uliniingia mwilini mote. Nilitaka kuondoka, lakini swali moja lilikuwa limenikwama.

"Mtungi, muulize. Kama mtoto anavushwa, mbona mama mtu anasema anaishia uani? Mbona haingii ndani?"

Alilikaza tena fundo lililokwisha kukazwa.

"Kizingitini kuna misumari," akauambia mto. "Mama yake alipokuwa zahanati, Nare alishikwa na homa. Mganga akasema dada mtu atamfuata mdogo wake, apate wa kucheza naye huko aliko. Akapigilia misumari ya chuma ili asivuke. Mimi mwenyewe nikasiriba tope juu yake."

Nilisahau mtungi. Nilisahau shela. Nikamtazama Dhanbire usoni, jambo ambalo sijalifanya kabla ya siku ile wala baada yake.

"Unamvusha alfajiri," nikamwambia, "halafu unamfungia mlango?"

Naye akasahau mto. "Nilimtaka," akasema. "Na nilimwogopa. Nifanyeje, mimi ni baba wa wote wawili."

Nikabeba mtungi wangu mtupu. "Kamwambie mkeo," nikasema, "au nimwambie mimi, na unaujua mdomo wangu."

Tulipanda, yeye mbele, mimi nyuma kwa umbali wa heshima. Tulimkuta Lalsara amechutama mlangoni, bakuli la udongo na samadi pembeni, anasiriba kizingiti kama kila mwanamke wa kwetu afanyavyo asubuhi kabla hajala kitu. Ule mkono wenye mapengo ulikuwa unateleza juu ya tope, huku na huku. Dhanbire alimwambia akiwa amesimama, maneno machache, bila kujitetea. Mkono ukasimama.

Lalsara akachukua mundu, akachimba. Msumari wa kwanza ukatoka, mwekundu wa kutu. Halafu wa pili. Akaendelea mpaka mundu ukawa unakwaruza udongo mtupu. Akaiweka yote kwenye shela yake.

"Kila asubuhi," akasema, "nimekuwa nikimpaka tope usoni."

Nare alitoka ndani akipikicha macho, mvulana mkubwa sasa, akatuuliza kuna nini. Lalsara alimtazama tangu kichwa mpaka miguu, kama anayempima. Nilijua anachopima: kama bado ni wa kufuatwa na dada yake. Kisha akamgeukia mumewe. Kwetu mke hatamki jina la mumewe, hata akiulizwa na karani. Lalsara alilitamka.

"Dhanbire, katafute msumeno wa kukatia chuma. Lakini usikate mpaka nirudi."

Aliingia ndani, akatoka na mkoba wa shule ulioliwa na panya, riboni zikiwa ndani, na konzi ya mchele. Tukajua anakwenda kuita. Mtoto akishtuka kwetu, roho yake hubaki pale aliposhtukia, na mama huenda kuirudisha nyumbani kwa jina, huku akidondosha mchele njiani. Hufanywa siku ileile au ya pili yake. Sijasikia mtu aliyekwenda kuita baada ya miaka yote ile.

Tukateremka naye mpaka mwambani, akaketi kwenye kisanduku. Nilimwambia, "Dada, pita darajani, nenda ng'ambo kwa miguu."

"Yeye anangoja kamba," akasema. "Vuta, wewe mwanamume."

Dhanbire akavuta. Nilikaa na mtungi wangu, sijui kwa nini nilikuwa bado naukumbatia, nikawa naitazama kamba mikononi mwake. Ilikaza mpaka mwisho. Kapi lililia njia nzima, likanyamaza. Ng'ambo Lalsara alishuka, akasimama kitambo na mkono umeelekezwa chini, hivi, kama unavyompa mtoto. Halafu akaanza kutembea.

Nilikimbia njia ya huku mpaka darajani nimpokee. Watu wa kamati walikuwapo wakikaza wavu. Sauti yake ilifika kabla yake.

"Bimsara, mwanangu, njoo huku. Hapo pana jiwe, ruka. Usishike majani hayo, yanawasha. Shule yako ile pale, unaiona? Wameipaka rangi. Twende. Bimsara, twende nyumbani."

Aliingia darajani hivyohivyo, anaacha punje za mchele nyuma, anaongea kwa sauti ya mama aliyetoka sokoni na mtoto. "Hili ndilo. Linatikisika kidogo, usiogope. Ukiwa peke yako pitia hapa. Hapa, umeona? Siku zote hapa."

Karnabahadur alivua kofia. Bibi Batuli, jirani yetu, ambaye mumewe alikwenda na maji kabla mimi sijaolewa, alikuwa amekaa na mzigo wake wa kuni mwanzo wa daraja. Alimpisha Lalsara. Kisha nikamsikia, chini kwa chini, kwa aibu, akiita kuelekea ng'ambo jina la mwanamume. Halafu mwanamke mwingine nyuma yangu akaita. Wanaume wakajifanya wanakaza wavu.

Lalsara hakugeuka nyuma hata mara moja. Alipanda mlima, akafika kwake, akavuka kizingiti kilichochimbuliwa, akaingia. Mlango ukabaki wazi. Hatukumfuata. Baada ya muda alitoka peke yake, akateremka mpaka ukingoni, akaitupa misumari mtoni, akamwambia mumewe, aliyekuwa akingoja na msumeno, "Kata."

Dhanbire alikata. Msumeno ulilia muda mrefu. Waya ulipoachia ulipiga hewani mara moja, ukaburuta kapi na kisanduku, vikaingia majini, na mto ukaendelea na ugomvi wake. Watoto hawana tena pa kukimbilia, hupita darajani wote.

Nilimwuliza Lalsara siku nyingine, tukisaga. "Aliingia?"

"Saga, Kausila," akasema. "Mahindi hayajisagi." Lakini mlango anaufunga sasa, na analala.

Daraja letu, nimesema, ni jembamba. Wawili wakikutana, mmoja hubana ubavuni ili mwenzake apite. Lalsara akienda sokoni hufika katikati, hubana ubavuni, hungoja kidogo, kisha huendelea. Mbele yake huwa hakuna mtu. Hilo nalielewa, ni mama.

Lakini juzi nilikuwa nyuma ya Tulsara wangu, ambaye sikumsimulia kitu. Katikati ya daraja alibana ubavuni, akavuta sketi yake isikanyagwe.

"Unafanya nini?" nikamwuliza.

"Napisha."

"Unampisha nani?"

Akanitazama kama mimi ndiye mtoto. "Sijui, mama. Mtu akija, si unampisha?"

Nikabana na mimi.